Dubu Aliyeitikia "Kuya"

Dubu nilimjua katika Biblia tu, yule ambaye Daudi alimuua pamoja na simba. Haya, niambie, mkimbizi wa Bukavu anafika Sydney na kupewa kazi ya kumlisha! Bustani ya wanyama ilikuwa ya mtu binafsi, mbele kidogo ya kitongoji cha St Marys, na dubu mwenyewe alikuwa bibi kizee wa sarakasi, meno yameoza, anazunguka kizimbani kutwa nzima, njia ileile, hadi sakafu imesagika.

Korona ilipofunga mji, wageni walikatazwa, wenzangu wakaachishwa kazi, nikabaki mimi na bosi. Nikaanza kumsemesha dubu kwa Kiswahili chetu cha nyumbani. "Kuya, mama, kuya," namwambia, yaani njoo, kama ninavyowaita wanangu, huku nikimpa boga la kuchemsha kwa ajili ya yale meno. Mwanzoni alinipuuza, kiburi kama mama mkwe! Baadaye akawa akinisikia tu, anakatiza mzunguko wake na kuja wavuni. Bosi akimwita kwa Kiingereza, wapi! Nilicheka, na nilijiona mtu.

Dubu alikuwa amepatiwa nafasi kwenye hifadhi ya jimbo jingine, yenye majani na bwawa. Maskini, maisha yake yote alikanyaga saruji. Lakini mpaka wa jimbo ukafungwa. Ukafunguliwa, na kabla hatujapata dereva ukafungwa tena. Mimi nimeishi kambini, najua kungoja kuitwa. Nilimwambia, "Vumilia, mama, zamu yako itafika."

Mpaka ulipofunguliwa kabisa, alikuwa hawezi kusimama vizuri. Daktari wa wanyama akasema hataimaliza safari, anateseka bure, afadhali alazwe. Alazwe! Nikamuuliza, si useme auawe? Akaniomba nimwite dubu hadi wavuni ili sindano imfikie, maana sauti yangu ndiyo pekee aliyoiitikia.

Nilikataa, nikatoka nje nikalia kwa hasira. Kisha nikamwona anavyoburuta miguu, bado anazunguka, nikarudi.

"Kuya, mama."

Akakatiza mzunguko. Akajikokota hadi kwangu, akaegemea wavu, akafungua mdomo akingoja boga.

Siku hizi watoto wangu nawaita kwa Kiingereza. Wamefurahi, wanadhani mama yao ameanza kuizoea nchi.