Karai la Miguu ya Shosho

Maji yaliyochemshwa kwa kuni yana harufu yake, na aliyezoea kuoga ya mfereji hawezi kuijua. Ni harufu ya moshi uliokaa kwenye sufuria miaka mingi mpaka ukaingia ndani ya maji yenyewe. Ukiichanganya na ya sabuni ya kipande, ile inayonunuliwa mche mzima na kukatwa kwa kisu, unapata harufu ambayo mimi nikiinusa popote pale hunirudisha jikoni kwa Shosho, kule Subukia, mwaka ule shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Wenzangu wakiukumbuka mwaka huo husimulia barakoa, masomo ya redioni na uhuru wa kucheza miezi yote ile. Mimi nakumbuka karai moja la bati na miguu miwili ya mwanamke mzee. Natamani ningeweza kusema kwamba ni kumbukumbu tamu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba. Mimi na Mama tuliishi Kaptembwo, chumba kimoja ndani ya ploti yenye vyumba kumi na viwili na mfereji mmoja wa maji, na Mama alikuwa akienda kufulia watu nguo majumbani mwao. Shule zilipofungwa hakutaka nishinde peke yangu kwenye ploti. Tena mama yake, ambaye ndiye Shosho, alikuwa ameteleza mwaka uliotangulia wakati wa mvua akaumia nyonga, na tangu hapo hakuweza kuinama mpaka akafikia miguu yake. Basi nikafungiwa mfuko wangu wa nguo, na kabla sijapanda gari Mama akanishika bega. "Kupika ataweza," akaniambia. "Ng'ombe atakamuliwa na Mama Nduta. Nguo atafua akiwa amekaa. Ni miguu tu hawezi. Hiyo ni kazi yako, kila jioni, na usiniaibishe."

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuishi kwenye nyumba ya sakafu ya udongo, acha nieleze polepole kwa nini miguu ilikuwa jambo kubwa hivyo. Kuna kidudu kinaitwa funza, kidogo kuliko kiroboto, kinachopenda vumbi kavu. Huingia chini ya ngozi ya mguu, hasa kando ya kucha, kikavimba humo na kutaga mayai. Kukizuia hakuhitaji ujuzi wala dawa ya ajabu. Kunahitaji utaratibu. Asubuhi unanyunyiza maji sakafuni ndipo unafagia. Jioni unaosha miguu kwa maji ya moto na sabuni, unakausha katikati ya vidole kimoja kimoja, kisha unapaka mafuta. Ukifanya hivyo kila siku, wewe na funza hamtafahamiana. Ukiacha, atakuja. Na pale kwetu mtu mwenye funza huzungumziwa kwa sauti ya chini. Husemwa kwamba ni mchafu, au kwamba hana mtu.

Shosho hakuwa mchafu hata kidogo. Aliamka kabla ya jua, akaoga sehemu alizoweza kufikia, akabadilisha kitambaa cha kichwa na kujipaka mafuta usoni mpaka mashavu yakang'aa. Kisha alinigeukia mimi. Alitaka kuona kucha, masikio na nyuma ya shingo, kama mwalimu wa zamu siku ya Jumatatu. Nilimlalamikia. "Kwani tunaenda wapi, Shosho?" nikamuuliza wiki ya kwanza. "Hatuendi," akasema. "Lakini kama mtu akikuja?" Nikamkumbusha kwamba watu walikuwa wamekatazwa kutembeleana, hakuna ambaye angekuja. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Kwani mimi si mtu? Si ni mimi nitakuangalia mchana yote?"

Jioni ndiyo ilikuwa saa yangu. Nilichemsha maji, nikayamimina kwenye karai, nikayapoza na ya baridi mpaka kiwiko changu kikayakubali, na Shosho akatumbukiza miguu huku akishusha pumzi ndefu. Mimi naitwa Wairimu kwa sababu yeye anaitwa Wairimu, na kwetu mtoto aliyepewa jina la nyanya yake huhesabiwa kuwa ndiye nyanya huyo, amekuja tena akiwa mdogo. Kwa hiyo aliniamrisha bila haya. "Sugua hapo kwa kisigino, wajina. Usiogope. Hiyo miguu ni yako, mimi nimekushikia tu." Alisema hivyo kila jioni na kila jioni akacheka, na wiki zile za mwanzo nami nilicheka.

Sijui hasa ni siku gani nilianza kuacha. Uzembe wa nyumbani hauji kwa mlango wa mbele. Nilianza kwa kulala mpaka saa nne, kwa kuwa hakukuwa na kengele. Kisha nikagundua kwamba suruali ya jana inavalika leo, na ya leo inavalika mpaka Ijumaa. Nilifumua nywele zangu nikisema nitasuka upya, zikabaki zimesimama hivyo mpaka zikashikana. Hakuna mwalimu aliyeniona, hakuna rafiki aliyenicheka, na kwa kuwa sikuonekana, nikaishi kama mtu ambaye hayupo. Maji ya kunyunyiza sakafuni nilipaswa kuyateka mtoni, na mto ulikuwa bondeni, na kupanda nayo ule mlima kulianza kunichosha hata kabla sijashika mtungi. Na miguu ile, niseme ukweli, nilianza kuichukia. Kucha zilikuwa nene na za manjano, visigino vimepasuka kama shamba la kiangazi. Jioni moja nikasema, "Kesho, Shosho, leo nimechoka." Akajibu, "Haya, kesho." Kesho yake nikasema hivyo hivyo. Siku ya tatu hakuomba maji. Alikaa kwenye kigoda chake karibu na moto, akanitazama kidogo, kisha akauliza kama viazi vimeiva.

Wiki hiyo kuku wetu mwekundu alianza kutafuta mahali pa kulalia mayai. Shosho akaniomba nitafute boksi. Boksi lilikuwa juu darini, penye mavumbi na buibui, ilhali karai lilikuwa pale pale nyuma ya mlango. Nikasema, "Si tumweke kwa karai? Si haitumiki." Nilisema hivyo tu, bila ubaya, jinsi mtoto anavyosema. Shosho alilitazama karai lile. Halafu akasema, "Sawa. Mwekee majani makavu, asivunje mayai." Nikaweka majani, nikapanga mayai kumi na moja, nikalipeleka karai kwenye kona ya jikoni, na kuku akakaa.

Jumapili Mama alipiga simu, kama kawaida yake. Aliuliza kuhusu chakula, akauliza kuhusu masomo, kisha akauliza, "Na Shosho unamuosha miguu?" Shosho alikuwa ameketi mbele yangu, karibu kiasi kwamba magoti yetu yalikaribia kugusana, na sauti ya Mama ilisikika vizuri. "Ndiyo, Mama," nikasema. "Kila jioni." Sikuweza kumtazama. Akanyoosha mkono, nikampa simu, nikijua kwamba sasa nimekwisha. "Huyu msichana ananitunza," akamwambia mwanawe. "Miguu yangu siku hizi ni kama ya bibi arusi." Akarudisha simu na kuendelea kumenya maharagwe. Ningechapwa siku ile ningeshukuru.

Baada ya hapo alianza kuvaa gambuti kutwa nzima, hata ndani ya nyumba. Alisema ni baridi, na kweli Julai yetu ina baridi. Lakini nilimwona akitembea kwa kingo za nyayo, akishika ukuta, na nilimsikia akisugua gambuti moja kwa nyingine akidhani simsikii. Nilijua. Ni hilo ambalo mpaka leo linanichoma. Sikuwa mtoto mdogo asiyeelewa. Nilijua, nikaenda nje kusikiliza redio.

Mama Nduta, jirani aliyetukamulia ng'ombe, alikuja alasiri moja baada ya kazi akiwa na malapa mapya mkononi, ya rangi ya samawati. Akina mama wa kanisa walikuwa wamewanunulia wazee waliozuiwa kutoka. "Toa hizo gambuti, Shosho, tuone kama zinakutosha," akasema akicheka. Shosho akasema atayajaribu kesho. "Kesho nini? Miguu si ni ile ile?" Na kabla Shosho hajavuta mguu, Mama Nduta alikuwa ameshapiga goti na kuvuta gambuti.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Kisha tukaona sote watatu, maana hata Shosho mwenyewe nadhani hakuwa ameuona mguu wake vizuri kwa muda mrefu. Vidole vilikuwa vimevimba na kujaa vidoti vyeupe vyenye macho meusi katikati, na kucha ya kidole gumba ilikuwa imeinuka upande mmoja. Shosho akasema haraka, kama mtu anayefunika chungu. "Ni mimi nilikataa. Huyu mtoto amenibembeleza mpaka amechoka. Wazee tuko na kichwa ngumu, unajua."

Mama Nduta akaniangalia. Nilikuwa na nafasi, msomaji. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Nikaangalia chini.

"Haya," akasema taratibu. "Lete karai tuoshe."

Sikusogea, kwa hiyo akalitafuta mwenyewe. Alilijua karai lile, ni yeye aliyekuwa akimwosha Shosho kabla sijafika. Akainama pale konani, na kuku akamfokea. Chini ya ubawa wake kulikuwa na mlio mwembamba, na yai moja lilikuwa limetobolewa, mdomo mdogo ukichungulia. Hakuna mwanamke wa Subukia asiyejua kwamba kuku hulalia mayai siku ishirini na moja. Nilimwona akihesabu. Midomo yake ilitikisika kidogo, kisha ikatulia.

"Wameanza kuangua," akasema bila kugeuka.

"Hiyo karai iko na shimo," Shosho akasema kutoka kwenye kigoda. "Ndiyo tukapea kuku."

"Ni sawa," akajibu Mama Nduta. "Nipatieni beseni ya vyombo."

Alimwosha Shosho yeye mwenyewe, polepole, akizungumzia mambo ya maziwa na mvua, nami nikasimama kando nimeshika taulo kama mgeni. Kesho yake alimleta mhudumu wa afya wa kijiji, aliyekuja na dawa ya zambarau ya kulowekea miguu. Ilichukua wiki nyingi. Funza wote walitoka, vidonda vikafunga, lakini ile kucha ya kidole gumba ilianguka na haikuota tena. Mimi nilimwosha kila jioni kuanzia wakati huo mpaka shule zilipofunguliwa Januari, wala sikukosa hata siku moja. Niliteka maji kabla ya jua kutoka. Nilisuka nywele. Shosho alitumbukiza miguu, akashusha pumzi, na nilipomaliza akasema, "Asante, mtoto." Kila siku, asante, mtoto. Hakuniita wajina tena nikimwosha, wala hakusema tena kwamba miguu ile ni yangu.

Leo nafanya kazi kwenye saluni mjini Nakuru, upande wa kucha. Beseni letu ni la umeme, linatoa mapovu lenyewe, na maji yake yananukia maua ambayo hayajawahi kuota kwetu. Wateja hunisifu kwamba nina subira, hasa na wazee. Wakiniuliza, huwaeleza jinsi ya kufanya nyumbani, nami nitakueleza wewe pia, maana si vigumu na unaweza kuanza jioni hii. Jaribu maji kwa kiwiko. Loweka kabla ya kusugua. Kausha katikati ya vidole. Usimngoje mzee aombe, kwa sababu ataomba mara mbili au tatu tu, kisha ataanza kukulinda. Na ukiwa umekwama nyumbani bila pa kwenda, oga, uvae, uchane nywele. Kuna mtu anakuangalia mchana yote, hata kama huyo mtu ni wewe peke yako.

Mama bado husimulia habari za mwaka ule. Desemba iliyopita tulikutana wote Subukia, nyumba sasa ina sakafu ya simiti, na mbele ya wageni Mama akasema, "Huyu alianzia kazi yake hapa. Aliosha Shosho miguu mwaka mzima, na alikuwa mtoto." Watu wakanipigia makofi. Shosho, ambaye alimweleza Mama zamani kwamba ile kucha ilitolewa na kwato ya ng'ombe, akarudisha mguu wake chini ya kiti taratibu, akatazama mlangoni. Mama Nduta akanywa chai yake. Nami nikatabasamu, nikiwa mtu mzima, kama nilivyoangalia chini nikiwa mtoto.

Mama alinunua karai jipya Januari ile, kwa kuwa aliambiwa la zamani limetoboka. La zamani bado liko kwenye kibanda cha kuku. Desemba, wageni walipoondoka, nililichukua, nikalisugua kwa mchanga, nikalijaza maji mpaka ukingoni na kuliacha uani usiku kucha. Asubuhi maji yalikuwa pale pale, hayajapungua hata tone. Mama, ukisoma hapa, karai halikuwa na shimo. Lilikuwa na kuku, na mimi ndiye niliyemweka.