Saa Nne ya Inveta

Fundi Marsela Bura alikuwa amesimama mbele ya inveta, mashine inayougeuza umeme wa jua uwe wa nyumbani, mikono ndani ya mifuko ya ovaroli, akitazama namba zikipanda. Mia mbili arobaini na sita. Arobaini na saba. Nje jua la mwezi wa tisa lilikuwa limeshaukausha umande juu ya paneli, na vumbi jekundu la Karatu lilikuwa bado halijaamka.

"Mwisho ni volti mia mbili hamsini na tatu," aliniambia bila kugeuka. "Ikivuka hapo inajizima yenyewe. Na ikijizima mbele ya mkaguzi, basi."

Mkaguzi wa ofisi ya umeme alitarajiwa saa tano. Akikataa kusaini, kibali kingefutwa, na kituo cha maziwa kingebaki na mtambo wa jua usioruhusiwa kugusa waya wa umeme. Kituo hicho ni chumba kimoja cha matofali chenye tangi la kupozea. Humo akina mama wa Kiiraqw wenye ng'ombe wawili watatu huchanganya maziwa yao na ya Wamaasai wanaoshuka kutoka upande wa hifadhi. Tangi hula umeme kuliko kitu chochote kijijini. Sola ilikuwa tegemeo lao la mwisho.

Nilipofika asubuhi ile kumtazama rafiki yangu Marsela, Naisula, katibu wa kituo, alinivutia kigoda akasema, "Kaa hapa unywe kule." Nikainuka kwenda kule. Wanawake wote wakaangua kicheko, maana kwa Kimaasai kule ni maziwa. Marsela peke yake hakucheka. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama ya mtu mwenye homa.

Kijiji kiko mwisho kabisa wa laini. Jioni, kila mtu anapowasha taa, umeme unafika pale umechoka. Mchana kinyume chake: watu wako kwenye mbaazi, nyumba zimefungwa, na umeme wa jua unaosukumwa kwenye laini haupati wa kuutumia. Volti zinapanda, kama maji ya mfereji wa vitunguu yasiyo na shamba la kuingia. Ndiyo maana barua ya kibali iliweka masharti mawili. Mtambo usizidi kilowati kumi. Na kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, umeme unaokwenda kwenye laini usizidi kilowati tatu.

Muuza vifaa wa Arusha alikuwa amemwekea Marsela inveta mbili mezani. Moja ya kilowati ishirini, rahisi. Nyingine ya kumi, ghali kuliko ile kubwa.

"Chukua kubwa, utaibana mwenyewe isizidi kumi," alisema muuzaji.

Marsela alikataa. Ofisi inasoma kibati kilichobandikwa ubavuni, haisomi ahadi ya fundi. Tena ile kubwa ilijua kubanwa siku nzima au kutobanwa kabisa. Ndogo ilikuja na mita yake ya kupima umeme unaotoka, na ingeweza kufuata saa. Kwenye kikao cha kituo wanawake walimuuliza kwa nini wanunue ndogo kwa bei inayozidi ya kubwa. Akasimama akasema: "Ninunulieni hii, laini haitalalamika. Ikilalamika, nitaing'oa ukutani kwa mikono yangu."

Sasa ilikuwa siku ya nne laini inalalamika. Kila ikikaribia saa sita, volti zilifika hamsini na tatu na inveta ikajizima. Marsela alikaza skrubu zote. Alichimbua waya wa ardhini akauzika upya. Aligeuza mita, akairudisha. Asubuhi hiyo Mzee Hhando, mwenye mashine ya kusaga hatua mia mbili ukiteremka na barabara, alikuja mlangoni na taa iliyopasuka mkononi.

"Binti, jua lako linaingia mpaka kwenye taa yangu," alisema. "Mota siiwashi tena mpaka huyo mkaguzi aseme ni salama."

Nilimwona Marsela akigusa boliti za inveta, moja baada ya nyingine, kama anayehesabu itachukua muda gani kuzifungua.

"Nisomee barua tena," alimwambia Naisula. "Labda kuna sharti tumeliruka."

Naisula akaisogeza karatasi mbali kidogo na macho. "Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri…"

"Ngoja. Sasa ni saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

Marsela aliinama kwenye pembe ya kioo cha inveta, mahali palipo na saa yake ndogo. Ilionyesha 10:31. Akaweka kiganja mdomoni.

Siku ya kufunga mtambo ilikuwa hivyohivyo: Naisula anasoma, Marsela anabonyeza. Naisula akasema saa nne, kidole kikabonyeza nne. Akasema saa tisa, kidole kikabonyeza tisa. Inveta haina asubuhi ya kwetu; nne yake ni saa kumi alfajiri. Ilitii kwa uaminifu: ikabana umeme tangu alfajiri wakati hakuna jua la kubana, na ilipofika saa tatu asubuhi, jua likianza kupata nguvu, ikafungulia kila kitu.

Miaka kumi Marsela amefunga mitambo kwenye lodji za watalii za Karatu, na huko hakuwahi kukosea saa. Huko kila kitu husemwa kwa Kiingereza, na akili yake hukaa macho. Hapa alisomewa kwa lugha yake, na akili ikapumzika.

Gari lilisimama nje.

"Badilisha upesi!" Naisula alinong'ona. "Bado hajashuka."

Kidole cha Marsela kilikuwa tayari juu ya kitufe. Alikitazama. Kisha akakishusha, kwa sababu inveta hutunza kumbukumbu ya siku zote nne, na mtu yeyote anayejua kazi yake angeiuliza.

Mkaguzi, Tajewo, alikuwa kijana mrefu mwenye buti safi. Naisula aliujua ukoo wake, wafugaji wa kijiji cha Soitsambu.

"Mtoto wa Soitsambu! Siku hizi unachunga nyaya?"

"Nyaya hazipotei porini, mama," alisema Tajewo, lakini macho yake yalikuwa yameshafika kwenye kioo. "Mia mbili hamsini na moja. Na hapa naona kilowati saba zinatoka. Barua ilisema tatu."

"Nimekosea mimi," alisema Marsela. "Si mashine."

"Umekosea nini?"

"Saa."

Alimweleza. Tajewo hakucheka, na nadhani ingekuwa nafuu kama angecheka. Alifungua fomu yake. "Hapa hakuna mahali pa kuandika kosa la saa. Kuna mahali pa volti tu. Rekebisha. Nitakaa mpaka saa tisa, hii ya kwetu. Kikomo kikifunguka nataka nione laini inatulia. Ikivuka, nakata."

Marsela aliandika kumi, akaandika kumi na tano. Namba zikashuka hadi mia mbili arobaini na moja. Wanawake wakapiga vigelegele. Yeye alikuwa ameshatoka mlangoni.

Saa tisa haikuandikwa kwenye barua kwa kubahatisha. Ndiyo saa ambayo watu hurudi kutoka shambani na mahindi yao, na Mzee Hhando huwasha mashine. Mota yake ndiyo hunywa umeme uliozidi. Na Mzee Hhando alikuwa amefunga mlango. Nilimfuata Marsela hadi kwa mzee.

"Nimesema siwashi mpaka mkaguzi aseme," alisema mzee.

"Na mkaguzi hasemi mpaka uwashe, baba."

"Basi tukae."

Marsela alitoa kipimo chake cha umeme, kile ambacho sijawahi kumwona ameachana nacho, akapima kwenye swichi kuu ya mzee. Akamwonyesha: mia mbili arobaini. Akamwekea mkononi.

"Kaa nacho. Kikifika mia mbili hamsini, usiwashe. Saa tisa kikiwa chini ya hapo, washa."

Mzee alikigeuzageuza. Tukapanda na barabara bila kipimo na bila ahadi.

Saa tisa kasorobo tulikuwa tumekaa wote chumbani, Tajewo na kikombe cha maziwa ambacho hakukigusa. Saa ya inveta ikageuka 15:00. Arobaini na tatu. Arobaini na sita. Tajewo alitoa kofia ya kalamu.

"Inapanda," alisema.

"Naona."

Arobaini na tisa. Marsela aliacha kutazama kioo, akageuza sikio kuelekea barabarani. Hakuna kitu. Jogoo wa mtu. Upepo kwenye mabati.

Hamsini.

Nilimwona anakumbuka kabla sijakumbuka mimi. Yeye mwenyewe alikuwa amemwambia mzee: ikifika hamsini, usiwashe. Hamsini na moja. Hamsini na mbili. Tajewo akaiweka kalamu juu ya karatasi.

Ndipo sakafu ilipotetemeka kidogo, na ule mngurumo mzito wa mashine ya kusaga ukapanda na barabara. Namba ikasita. Hamsini. Arobaini na saba. Arobaini na nne, ikakaa hapo.

Tajewo alingoja robo saa nzima kabla ya kuandika. "Siku thelathini za majaribio," alisema. "Ikivuka mara moja tu, narudi."

Mzee Hhando alikuja baadaye, unga kwenye nyusi, akirudisha kipimo.

"Kilisemaje, baba?" Marsela aliuliza.

"Nitajuaje? Miwani niliisahau nyumbani. Wanawake walikuwa wamepanga ndoo za mahindi mpaka barabarani, nikawasha."

Marsela alikipokea kwa mikono miwili.

"Na kesho utawasha saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Saa tisa hii ya kwetu?"

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani kuna nyingine?"