Ukoo Uliokatwa kwa Kidole Gumba

Tarehe 12 Agosti 2018, Nabilah Sulaimani, mchoraji wa ramani za nyumba huko Kamwokya, alituma mchoro wa ukoo wake kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia. Hakuna aliyeweza kuufungua.

"Binti, umetutumia jiwe?" aliandika ami yake, Abdul-Karim. "Tuma kitu kinachofunguka kwenye simu."

Alikuwa na haki ya kulalamika. Faili lile lilikuwa la programu ya kuchorea, mistari mitupu ambayo kompyuta huichora upya kila unapoikuza, na simu za wazee haziijui lugha hiyo. Nabilah akaligeuza kuwa picha ya kawaida, ya vitone, ikafunguka kwa kila mtu. Juu alikaa marehemu Mzee Sulaimani. Kushoto mke wa kwanza na mwanawe Abdul-Karim, kulia mke wa pili, Acen, wa kabila la Waacholi, na watoto wake, akiwemo baba yake Nabilah.

Siku mbili baadaye picha ikarudi kikundini, imetumwa na ami. Upande wa kulia haukuwepo.

Bibi Acen aliiona kwenye simu ya mjukuu mwingine. Aliiangalia kwa muda, kisha akampigia Nabilah. "Mjukuu wangu, ulipofika kwangu wino uliisha?"

Nabilah alijibu kwamba kulikuwa na kosa, atalirekebisha. Kisha akakata simu. Mke wa kwanza alifariki akimzaa Abdul-Karim, na ni Acen, akiwa na kichanga chake mwenyewe kifuani, aliyemnyonyesha yule yatima mpaka akaacha ziwa. Nyumba nzima iliijua habari hiyo, na Abdul-Karim aliijua kuliko wote.

Akampigia. "Ami, umemkata Bibi."

"Nimepunguza tu. Nataka kuitundika sebuleni, na ukuta wangu mdogo."

"Mdogo kiasi gani, hata aliyekunyonyesha haenei?"

"Sikiliza, Nabilah. Jumapili wanakuja kumposa binti yangu. Ni Wanubi wa tangu zamani, wanachunguza kabila la kila mtu. Wakiona Mwacholi pale wataanza maswali."

"Si uwajibu?"

"Wewe chora majumba ya watu," alisema ami, na simu ikakatika.

Ijumaa ami akaja mwenyewe ofisini kwa Nabilah, amebeba bango lililoviringishwa, uso umemshuka. Alikuwa ameipeleka ile picha kwa mpiga chapa mjini, imetolewa WhatsApp, imekatwa, kisha ikavutwa hadi upana wa ukuta. Bango lilipokunjuliwa mezani, majina yalikuwa vigae vigae. Jina la Mzee Sulaimani lilisomeka kama uzio uliobomoka.

"Fundi anasema picha ndogo ukiivuta inapasuka. Anataka lile faili lako."

"Faili sitoi. Nitakutolea picha kubwa."

"Bila upande ule."

"Keti, ami."

Hakuketi. Nabilah alifungua mchoro wake, ambao haukuwa umepoteza hata herufi moja, akaanza kuhamisha watu. Hasira ilimfanya achore kwa utulivu kuliko siku zote. Alimshusha Bibi Acen hadi katikati, chini ya mumewe. Mke wa kwanza akamwacha kushoto pale pale, na watoto wa Acen akawatawanya pande zote mbili. Abdul-Karim akamweka chini ya bibi kabisa, na kati yao akapitisha mstari wa nukta nukta, kando yake maneno mawili: "alimnyonyesha Abdul-Karim".

Akaugeuza mchoro kuwa picha, safari hii yenye vitone vya kutosha ukuta mzima, akaituma kwenye simu ya ami na kikundini kwa pamoja.

Abdul-Karim alijaribu kuikata pale pale kwa kidole gumba. Alivuta ukingo wa kulia, Acen akabaki. Akavuta wa kushoto, akabaki. Akapandisha ukingo wa chini mpaka Acen akatoka, na yeye mwenyewe akatoka naye.

Simu zikalia kikundini. Binamu mmoja aliandika: "Ami, sasa kata tuone!"

"Umenidhalilisha, binti."

"Ulianza na mama yako, ami."

Ami akatazama lile bango la vigae, akaliacha mezani. "Hilo jipya lichapishe hapo hapo kwako," alisema akiwa tayari mlangoni.

Jumapili bango jipya lilitundikwa sebuleni kwa Abdul-Karim, na Bibi Acen akaketishwa chini yake kabla wageni hawajafika.