Shuka la Nondo

Dukani Mkolani leo mtu amefungua dumu la mafuta ya taa, na kwa harufu yake vidole vyangu vimetafuta pindo la shuka jeupe lisilokuwepo.

Baba alivua dagaa. Usiku wa giza karabai yake ilikuwa ziwani. Siku za mbalamwezi dagaa hawafuati taa, kwa hiyo ilikaa nyumbani. Alfajiri hizo alikuwa akiniamsha, tunaitundika mbele ya shuka kwenye kamba ya nguo. Nondo walitua wachache, mabawa yao kama yamepakwa unga. Kukipambazuka ndege walishuka kutoka kwenye mawe kuwadonoa, naye baba akaninong'oneza majina ya ndege hao kwa Kisukuma.

"Baba, mbona nondo wachache?"

"Mwezi unawazubaisha. Wengi huja kukiwa na giza."

"Basi tuwatege kukiwa na giza."

"Kukiwa na giza mimi niko kazini, mwanangu."

Kisha, asubuhi moja baada ya usiku wa giza, wavuvi wenzake walikuja, wakaiweka karabai mlangoni. "Mtumbwi tumeupata, na taa," walimwambia mama. "Yeye bado."

Alfajiri iliyofuata hakukuwa na mwezi. Mama aliiwasha, akalitundika shuka likitazama ziwa.

"Labda ataliona," alisema.

Nondo walikuja wengi, kama baba alivyosema, mpaka weupe wa shuka ukapotea.