Mahari ya Pundamilia

Kama kuna mtu Kilosa nzima aliyeweza kubishana na ukuta mpaka ukuta ukaomba radhi, ni Machibya. Alihamia kando ya hifadhi ya Mikumi akitokea Maswa, yeye na mkewe Kija, mkokoteni mmoja na kundi la punda. Ndiyo kwanza biashara imefunguliwa: ushirika uko hoi, wafanyabiashara binafsi wanafuata mahindi mpaka mlangoni, na mwenye mkokoteni ni tajiri mtarajiwa. Machibya alijipanga vizuri sana, ila aliwasahau mbung'o. Nzi wale hawana habari na soko huria. Punda wakakonda, wakayumba, wakafa mmoja mmoja, akabaki jike mmoja tu, macho yamemwingia ndani.

Jike huyo ndiye aliyefanya maajabu. Kwa kawaida punda na pundamilia hula bonde moja, kila mmoja akashika hamsini zake. Lakini huyu dume wa kwao hana, na ng'ambo ya mto kulikuwa na pundamilia mzee aliyefukuzwa kundini na dume kijana. Upweke hauchagui kabila. Mwaka uliofuata jike akazaa mtoto wa kijivu, masikio marefu, miguu yote minne ina mistari kuanzia magotini.

“Mama wee!” Kija akaangua kicheko. “Kavaa soksi za mitumba!”

Jina likaganda hapo hapo. Mama yake alikufa masika yaliyofuata, lakini Soksi hakuugua hata siku moja. Alipokomaa alivuta mkokoteni wa magunia hadi barabara kuu, akamng'ata kila aliyemkaribia, na sauti yake ilianza kipunda ikamalizikia kipundamilia. Watoto wa shule wakimwiga, Machibya wala hajali. Yeye kishaona mbele: Soksi azae, wanawe wazae, bonde lijae punda wasiouawa na mbung'o, na watu waseme hao ndio punda wa Machibya. La sivyo ni kufunga virago na kurudi Maswa mikono mitupu, wadogo zake wamcheke.

Ndipo akaja Gabrieli, afisa wanyamapori, kijana mwenye adabu na sare iliyopigwa pasi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu kiti.”

“Asante, ila nimekuja kikazi. Pundamilia ni mali ya serikali, na mtoto wa pundamilia ni wa serikali. Nimekuja kumchukua.”

Machibya hakupandisha sauti. “Serikali ilileta ng'ombe wangapi?”

“Ng'ombe wa nini?”

“Wa mahari! Kwetu Usukumani mwanamume asipotoa mahari, mtoto ni wa kwao mama. Huyo baba yake kaja kichakani kama mwizi, hata hodi hakupiga. Leo mnataka mtoto? Thubutu!”

Majirani walikwisha kujaa uani. Mzee Ashrafu, Msagara mwenyeji wa hapo, mtani wa Machibya tangu misafara ya mababu zao, hakuweza kunyamaza.

“Bwana afisa, Msukuma huyu kichwa ni jiwe, lakini leo kapatia kwa bahati mbaya. Sisi huku hata mahari ikitolewa, mtoto ni wa ukoo wa mama. Umeshindwa kotekote. Labda umuoe Soksi mwenyewe!”

Gabrieli alicheka mpaka kofia ikadondoka. Lakini naye alikuwa na wakubwa zake. “Basi tufanye hivi. Mnyama hujulikana kwa uzao. Akizaa na punda, ni punda, nami sikanyagi tena hapa. Kiangazi kijacho kikifika hana mimba wala mtoto, ni wetu.”

Machibya akakubali kabla Kija hajapata nafasi ya kumkanyaga mguu kumzuia.

Dume la punda likaazimwa kwa Shimba, Msukuma mwenzake wa Ruaha. Ashrafu akajipa ushenga. Bwana harusi aling'atwa sikio siku ya kwanza, kisha mambo yakaenda kama yanavyokwenda, kijiji kizima kikishuhudia. Machibya akamlisha bi harusi pumba, akampapasa tumbo kila asubuhi. Tumbo wapi! Akalitukana dume, akalirudisha, akaazima jingine. Yale yale.

Mwishowe akamwita Editha, bibi mifugo. Editha alimpima Soksi, akanawa mikono taratibu.

“Mzee, usiwaonee madume ya watu. Zamani mno punda na pundamilia walikuwa mnyama mmoja. Kundi moja likashika njia ya jangwani, jingine likabaki nyikani, wakatengana vizazi visivyo na idadi, kila upande ukabadilika kivyake. Leo wakikutana, mtoto anaweza kupatikana. Ila ndani ya huyo mtoto, urithi wa mama na wa baba hauoani, kama shati lisilolingana vifungo na matundu. Afya anayo, dume anamtaka, lakini kuzaa, hapana. Ndiyo maana tunasema hizi ni aina mbili.”

“Yaani punda wa Machibya hawatakuwepo?”

“Hawatakuwepo, mzee.”

Aliumia, jamani. Alikaa juu ya mkokoteni wake na chakula hakukigusa. Kiangazi kilipofika, na Gabrieli naye akafika, hakubishana hata neno. “Mchukue. Nilikubali mwenyewe.” Ashrafu akaweka utani kando, akamfunga Soksi kamba.

Gabrieli akamwachilia Soksi karibu na kundi la pundamilia. Akawakimbilia kwa furaha. Dume akamnusa, akamng'ata mgongo. Majike wakamfukuza kwa mateke. Siku chache baadaye alikuwa amesimama uani kwa Kija, ana kidonda mgongoni, analia kwa sauti zake zote mbili. Gabrieli akatokea nyuma yake, sare imejaa vumbi.

“Mzee, hata kwetu wamemkataa. Kwa kipimo changu mwenyewe, huyu si pundamilia.”

“Wala si punda.”

“Basi ni nani?”

Machibya alimpapasa Soksi kando ya kidonda. “Kabila lake ni yeye peke yake.”

Gabrieli akavua kofia, akajifuta jasho. “Kabila hilo sina sheria yake. Kaa naye.”

Alipoondoka, Kija akasogea karibu na mumewe. “Sasa baba, huyu akifa?”

“Akifa,” Machibya akasema, akimsogezea Soksi ndoo ya maji, “tutalia msiba wa kabila zima.”