Pete ya Bibi na Swichi ya Leza

Mama alikuwa anafunika kioo cha kabati kwa kanga nilipomwambia kwamba nimepata nafasi ya kwenda kusoma nje ya nchi. Mvua ilikuwa imeanza hapa Miburani, na kwetu ngurumo ikisikika vioo hufunikwa, eti visiuite umeme ndani. Tangu shule ya msingi nimekuwa nikiuliza umeme unajuaje kwamba chumbani kuna kioo. Sijajibiwa.

"Kusoma nini?" aliuliza.

Hapo ndipo nilipokuwa napaogopa. Nahoji mengi, lakini kuondoka bila radhi ya mama sithubutu. Na yeye, tangu umeme uupige mnazi nyuma ya nyumba yetu, neno lenyewe hataki kulisikia.

Nikaeleza nilivyoweza. Umeme mkali unakusanywa, kisha unaachiwa wote mara moja. Kinachouzuia na kuuachia ni swichi: vyuma viwili vinavyotazamana ndani ya gesi bila kugusana. Ukipiga mwanga wa leza katikati yao, ile gesi iliyokuwa kizuizi inageuka njia, umeme unaruka. Swichi zikiwa nyingi, lazima ziruke pamoja.

"Kama watu wanaoburuta mashua," nikasema. "Mmoja akivuta peke yake, haisogei. Leza ndiyo sauti ya kuwapa mwendo."

"Umeme wa Mungu haukutoshi, mpaka utengeneze wako?" Shangazi alidakia kutoka mlangoni, kakalia mbuzi, anakuna nazi. "Wifi, huyu mtoto tulimlisha nini?"

Mama hakucheka. "Na wewe unasimama wapi?"

"Nyuma ya ukuta. Ndiyo maana tunatumia mwanga, Mama. Hakuna waya unaotoka kwenye umeme ule kuja kwangu."

"Huo mwanga hauna madhara?"

Sikutaka kumdanganya. "Unapofusha macho, ukigonga kitu kinachong'aa ukarudi. Kwa hiyo tunavaa miwani maalumu, na kabla ya kuanza tunavua saa na pete, tunafunika kila kinachometa."

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Shangazi akakitazama kioo kilichovaa kanga.

"Makubwa! Wamesoma weee, wakaishia kwenye kanga ya wifi yangu!"

"Si sababu ileile," nikasema haraka. "Kioo hakiiti umeme wa mvua."

"Kioo niachie mimi," Mama alisema. "Nilitaka kujua kama watu hao wana miko. Kumbe wanaogopa. Basi."

Akanyoosha mkono. Kidoleni nilikuwa na pete ya fedha ya bibi, aliyonivisha Mama nilipoanza chuo, akaniusia nisiivue, ndiyo kinga yangu.

"Ilete. Usije ukaisahau kidoleni mbele ya huo mwanga wenu."

Ilikuwa imebana. Shangazi akaja na mafuta ya nazi, akanivuta kidole huku akinicheka, hadi ikatoka.

"Nenda, mwanangu. Radhi yangu unayo," Mama alisema, akiifunga pete kwenye pindo la kanga aliyojitanda.