Jina la Mwana wa Ngwali

Ilikuwa mwaka juzi. La, nasema uongo, ilikuwa mwaka wa nyuma yake, maana mwaka juzi mikarafuu haikuzaa, na siku ile Ngwali alikuwa juu ya mkarafuu. Watu watatu walisimama chini wakamwita kwa jina, kwa upole, ashuke wazungumze kidogo. Akashuka. Gari lao halikuwa na namba. Mzee Mmanga, babake, alikuwa uani akichambua karafuu. Alilisikia likiondoka, akadhani ni la wanunuzi.

Wiki ile Ngwali alikuwa amesimama mkutanoni akauliza kwa nini watu wa mtaa wao wamenyimwa kadi za kupigia kura. Zaidi ya hilo, hakuna aliyejua kosa lake. Mzee alizunguka vituo vyote vya polisi. Kila alikokwenda aliambiwa hayupo, na arudi nyumbani.

Neno alilisikia mara ya kwanza sokoni Konde. Muuza samaki alikuwa akimtania mwenzake, "Himid, punguza mdomo, ntu wangu, utangwaliwa." Watu wakacheka, kisha wakamwona mzee, kicheko kikakatika. Mzee akanunua changu wake akaenda zake.

Halikukaa sokoni. Watoto wakalifanya mchezo: mmoja hungwaliwa, wenziwe wakamtafuta mpaka wakachoka. Mgombea akalisema jukwaani, kwamba safari hii hawakubali kungwaliwa, na redio ikalirudia kwenye taarifa ya habari bila kueleza limetoka wapi. Likafika kwa watu wasiojua kama palikuwa na mtu wa jina hilo.

Ngwali alimwacha mkewe, Asya, na mimba changa. Akajifungua mtoto wa kiume. Siku ya saba, mbuzi ameshachinjwa, Asya akasema mtoto aitwe Ngwali, jina lirudi kuwa la mtu. Wazee wakatazamana. Kwao, mtoto wa kiume hupewa jina la babake pale tu babake anapokuwa ameshazikwa. Mzee Mmanga akaona akilitaja, kamzika mwanawe bila kaburi. Asipolitaja, kawaachia jina wale wa sokoni.

Shehe Abdulsamad akampakata mtoto, akamuuliza Mzee Mmanga mtoto anaitwa nani. Nje gari lilipita polepole, na walioshika matonge wakayarudisha sahanini. Lilipokwisha kupita, Mzee Mmanga akawageukia wote waliokaa mkekani, akauliza:

"Nyinyi mnaolitumia jina lake kila siku, hebu niambieni. Ngwali wangu yu hai?"